Kugonga Mara Mbili

Kambini, 4 Machi

Shemeji Godoro,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui nyinyi huko. Najua unavyosoma barua: unaanzia mwisho uone kama kuna msiba. Rudi juu, hakuna msiba.

Meneja amekusanya simu zetu zote na kuzifungia kabatini mpaka pambano liishe. Mimi Kabati nimefungiwa simu na kabati, cheka basi. Barua anaturuhusu, anasema barua haimharibii mtu usingizi. Hajawahi kusubiri jibu lako huyo.

Tangu nikuvue ubingwa mwezi wa Agosti hujanisemesha. Nikipiga simu unakata. Nilipokuja kwenu ulipitia mlango wa nyuma ukasema unawahi kazini, na dada akaniambia siku hiyo ulikuwa mapumziko. Fahali wawili hawakai zizi moja, najua, lakini sisi tulikaa zizi moja miaka tisa na zizi halikuvunjika. Klabu nzima hakukuwa na mtu mzito wa kufanya mazoezi nasi, ikabidi tupigane wenyewe kwa wenyewe. Kocha akatuita samani zake: mimi Kabati kwa sababu nikisimama mahali sihamishiki, wewe Godoro kwa sababu ngumi zikikuingia hazitoi sauti. Na siku dada yangu alipokuja kuniletea viatu nilivyosahau, ulimtazama ukasahau kujikinga, nikakulaza. Ndoa yenu ilianzia chini kwenye turubai, usiniringie.

Sasa nisikilize. Nimeitazama filamu ya pambano letu mpaka meneja ameificha. Raundi ya tisa, tumekumbatiana karibu na kamba. Wewe ndiye unayeshinda, hata asiyejua ngumi anaona. Halafu unaniachia, unashusha mikono yote miwili, unarudi nyuma kidogo na kusimama kama mtu anayesubiri chenji dukani. Na mimi nakupiga kulia, kidevuni. Bingwa mpya wa uzito wa juu.

Kwa nini ulishusha mikono?

Watu wanasema uliuza pambano, nami nawanyamazisha. Lakini nikibaki peke yangu najiuliza kama ulinipa. Ulinionea huruma? Dada alikuomba? Ubingwa wa kupewa haukai kiunoni, shemeji, unateleza. Tunarudiana Juni, na kabla ya hapo nataka kuusikia ukweli kutoka kinywani mwako.

Shemeji yako,
Kabati


Nyumbani, 15 Machi

Bingwa,

Barua nimeipata. Ni kweli, nilianzia mwisho.

Kuna kitu sielewi. Unanidhihaki au umepoteza aibu? Eti kwa nini nilishusha mikono. Kilichotokea kwenye zile kamba wanakijua watu wawili duniani, na mmoja ni wewe. Uulize mkono wako wa kushoto.

Mimi niko kiwanda cha mikate siku hizi, nabeba magunia ya unga na kusukuma matoroli ya tanuri. Kila asubuhi lazima atokee mmoja wa kunisalimia kwa kushusha mikono yote miwili na kukodoa macho. Wanacheka mpaka unga unaruka. Jibu la kuwapa ninalo, na silitoi, kwa sababu wewe ni ndugu wa mke wangu na mjomba wa mtoto wangu. Lakini kimya nacho kina mwisho wake. Juni nitakujibu kwa ile lugha tuliyofundishwa wote wawili.

Godoro


Kambini, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Asante kwa sweta, huku asubuhi baridi inauma masikio.

Nimemwandikia mumeo barua nzuri yenye utani, kanijibu kama hakimu. Ananiambia niuulize mkono wangu wa kushoto. Nimeuuliza, haujibu. Nimemwomba meneja ile filamu tena, nimeitazama: mkono wa kushoto haumpigi, haumkabi, umekaa tu mgongoni kwake kama wa mtu anayeagana na ndugu. Sasa kosa lake nini? Dada, mwulize wewe. Usimwambie nimekutuma. Subiri akishashiba.

Mazoezi yanakwenda vizuri. Meneja anasema sijawahi kuwa mwepesi hivi. Siku hizi naandika maneno kwenye bandeji za mikono kabla sijavaa glavu, "anza kushoto", "chumba ni cha pili", mambo kama hayo. Vijana wa hapa wamedhani ni siri ya bingwa, nao wameanza kujiandika.

Mtoto ameanza kutembea? Akianza niambie, nataka kujua alianza na mguu gani, huenda akawa bondia.

Asante sana kwa sweta. Nimelivaa leo.

Mdogo wako


Nyumbani, 5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilisubiri ashibe, nikamwuliza, akasukuma sahani. Akasimama katikati ya jiko akaniambia, "Njoo unikumbatie." Nikajua leo tumepatana. Nikaenda mbio na mwiko mkononi, kumbe ananionyesha pambano! Akanigonga mgongoni kwa kiganja, mara mbili, taratibu. Akasema, "Hivi ndivyo alivyonifanya mdogo wako."

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo nyinyi wawili hamkuwahi kuniambia miaka yote hii. Kwamba mtu akiwa na kinga ya meno mdomoni hawezi kusema neno likaeleweka, kwa hiyo Kocha aliwawekea sheria ya mazoezi, nyinyi wawili tu kwa sababu nyinyi ndio mlikuwa mnaumizana: aliyezidiwa amkumbatie mwenzake na kumgonga mgongoni mara mbili. Aliyegongwa haulizi. Anaachia, anashusha mikono, anarudi nyuma, mwenzake apate pumzi. Anasema mlifanya hivyo miaka tisa mpaka mwili ukawa unatii wenyewe, kama mtu anavyofumba jicho mdudu akipita.

Sasa wewe ulimgonga, mbele ya watu wote wale. Akakutii. Akaachia, akashusha mikono, ukampiga.

Nimekulea mimi. Nimekufuta makamasi, nimekutetea shuleni ulipokuwa mkubwa kuliko wanaokuonea. Mkaidi nilikujua, mlafi nilikujua, mwenye hila hapana. Mume wangu analala kageukia ukuta, mimi nimegeukia mlango, na katikati umelala wewe, kilo mia na kumi. Hebu niambie niamini nini.

Na jingine. Lile sweta nilikupa mwaka juzi, na umenishukuru mara mbili katika barua moja. Mtoto alitembea mbele yako Januari, hapa sebuleni, ukampigia makofi mpaka akaogopa akakaa chini. Unatania au vipi? Nijibu hilo kwanza kabla ya hayo ya ngumi.

Dada yako


Kambini, 16 Aprili

Shemeji,

Dada ameniambia. Nimerudi kwenye filamu, na safari hii sikutazama nyuso, nimetazama glavu yangu ya kushoto tu. Ni kweli, inagonga mara mbili. Watu wote waliolitazama lile pambano hawakuiona kwa sababu hawakujua maana yake. Mimi ninayeijua sikuiona pia, na hilo ndilo linanitia baridi.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Raundi ya nane ulinipiga kulia, juu ya sikio. Naikumbuka ile ngumi inakuja. Baada ya hapo nakumbuka maji ya bafu yananimwagikia mgongoni na watu wanaimba nje. Nikamwuliza meneja, "Nani ameshinda?" Wakacheka wote, wakasema bingwa ana utani. Nikacheka nao, ningefanya nini? Raundi ya tisa ninaijua kwa kuiona kwenye filamu kama wewe unavyoijua sinema. Yule mtu pale anafanana nami, amevaa kaptura yangu, lakini sijui alikuwa anafikiria nini.

Kwa hiyo niliposema nataka ukweli kutoka kwako sikuwa nakudhihaki. Nilikuwa naomba uniambie kilichonipata mimi mwenyewe.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Ama nilikugonga kwa hila, basi mimi ni mwizi. Ama niligonga kwa sababu nilikuwa nimezidiwa, mkono wa kushoto ukaomba msaada na wa kulia ukapiga bila kujua, basi mimi ni mgonjwa. Nimelipima kila upande na sijui nichague lipi. Mwizi anaweza kutubu. Wewe ulinishika, ulikuwa kifuani kwangu. Nilikuwa yupi?

Mwambie dada lile la sweta nilikuwa natania.

Kabati


Nyumbani, 27 Aprili

Kabati,

Nimeisoma barua yako kiwandani nikiegemea tanuri, msimamizi akanifokea nusu toroli iungue.

Sikukuamini. Nikasema huyu ameona Juni inakaribia, anatafuta njia ya kunilegeza. Nikaisoma tena nyumbani. Dada yako akaichukua, akaisoma amesimama, kisha akakaa.

Ulitaka nikuambie ulikuwa yupi. Sijui. Naomba unielewe, miezi yote hii nilikuwa najua. Nilikuwa na hasira yangu safi, nimeizoea, naamka nayo naenda nayo kazini. Sasa umeninyang'anya na hiyo. Nikijaribu kukumbuka uzito wako siku ile, kweli ulikuwa umeniegemea mno. Ulikuwa mzito kama mtu aliyelala. Lakini nilikuwa nimechoka, na wewe ni Kabati, lini ulikuwa mwepesi?

Dada yako anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Anasema nenda hospitali, si kwa daktari wa meneja. Mimi nilikwenda chama cha ngumi. Nikawaambia bingwa ana tatizo la kichwa, apimwe upya. Karani akaweka kalamu chini akaniuliza, "Godoro, unaogopa?" Wote ofisini wakacheka. Mmoja akashusha mikono.

Basi mimi najitoa. Sipigani nawe Juni.

Godoro


Kambini, 6 Mei

Shemeji,

Usijitoe, nakuomba.

Daktari amekuja, amesema niko sawa. Aliniuliza leo tarehe ngapi, nikamjibu. Kalenda ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, nikasimama, hilo tulifundishwa na Kocha tukiwa vijana. Kwa hiyo pambano lipo. Ukijitoa wewe analetwa yule wanayemwita Kinyozi, ambaye kila anayepigana naye anaondoka kichwa kimechanwa. Meneja ameshamtajia siku. Kinyozi hajui sheria yetu. Huyo nikimgonga mgongoni ataona namkuna.

Utaniuliza kwa nini nisiache tu. Dada naye atauliza. Sitawazungusha kwa maneno, nitasema moja kwa moja. Miaka kumi na sita ya maisha yangu niliipoteza kutafuta ubingwa huu, nikaupata siku ambayo sikuwepo. Ni kama kuwa na picha ya harusi yangu na sikuhudhuria. Watoto mtaani wananiuliza, "Bingwa, ulijisikiaje?" nami nawasimulia filamu. Nataka pambano moja ambalo nitalikumbuka. Nikishinda, nikishindwa, nikumbuke mwenyewe. Baada ya hapo nitakwenda hospitali yoyote mtakayonionyesha, na dada anishike sikio anipeleke.

Na wewe njoo uchukue jina lako. Nipige vizuri, usinionee huruma. Nikipewa mara ya pili sitakusamehe.

Kabati


Nyumbani, 2 Juni

Baba yake mtoto,

Kocha ameniambia tangu ubadili nia ya kujitoa ukaenda klabu unakula vizuri na umeacha kusema na watu. Viatu vyako vya ulingoni nimevitengeneza soli, vimo humu pamoja na taulo.

Sikutaka kukuandikia mambo ya kukusumbua, lakini nikinyamaza nitapasuka. Nilipokuaga mlangoni sikukuuliza na sasa nauliza. Unakwenda kumpiga mdogo wangu, au unakwenda kumlinda? Nikikuombea ushinde, namwombea yeye apigwe. Nikimwombea yeye, wewe utarudi kwenye kile kiwanda wakushushie mikono mpaka uzeeke. Nimekaa kitandani nimeanza sala mara tatu, sijui niimalizie vipi.

Usiniambie ni mchezo tu. Niambie unachokwenda kufanya.

Mkeo


Klabu, 7 Juni

Mama yake mtoto,

Viatu vimenikaa vizuri.

Sijui nakwenda kufanya nini. Kweli kabisa sijui. Malizia sala yako hivyo hivyo.

Mumeo


Hotelini, 20 Juni

Shemeji,

Naomba usikate tamaa na mimi, soma mpaka mwisho, au anzia mwisho kama kawaida yako.

Mkanda bado ni wangu. Wameniambia nimeshinda kwa sababu refa amekuondoa kwa kushika. Kwamba raundi ya nne ulinikumbatia hukuniachia, akakuonya. Raundi ya tano ukanikumbatia tena, akakukata pointi, ukanikumbatia tena, akakukata tena, na mara ya mwisho akasimamisha pambano akanyanyua mkono wangu. Watu wakatupa chupa ulingoni. Meneja anacheka tu, anasema Godoro kweli ni godoro, alitaka kulaliwa.

Mimi sicheki. Tulikubaliana nini? Nilikuambia unipige. Nilikuwa najisikia vizuri, nakumbuka raundi ya kwanza yote, nakumbuka ya pili, nakumbuka kwenye ya tatu jasho lilikuning'inia ncha ya pua nikataka kucheka. Ya nne nakumbuka kengele. Halafu nakumbuka gari. Katikati hapo naona tu mkono wako uko mgongoni kwangu, lakini hilo sijui kama nimeliona au nimesimuliwa.

Kwa nini ulinishika? Uliogopa? Ulinionea huruma na nilikukataza? Nilitaka pambano moja tu, shemeji. Umenipokonya hilo nalo. Nimekasirika sana na sijui kama nina haki ya kukasirika.

Dada usimwambie kuwa sikumbuki.

Kabati


Nyumbani, 26 Juni

Shemeji,

Ulinigonga.

Nakueleza yote, polepole, ili usije ukasema umesimuliwa na filamu. Raundi ya nne ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikupiga kushoto, ngumi ya kawaida tu, ile ambayo zamani ungeipangusa kama inzi. Macho yako yakabaki wazi, lakini mwenyewe hukuwemo. Nyumba taa zinawaka na wenyewe wameondoka. Ukanikumbatia, nikahisi glavu mgongoni. Mara moja. Mara mbili.

Sheria ya Kocha ilisema niachie. Mara ya kwanza niliachia, na wewe unaujua mwisho wake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru, shemeji. Kidevu chako kilikuwa hapa, begani kwangu, kimetulia kama cha mtoto. Ngumi moja tu na mimi ni bingwa, na kiwandani wote wanafunga midomo yao. Nililifikiria hilo, sikufichi. Nilikuwa na nafasi ya kulifikiria lote, na nikawafikiria hata watu wa unga mmoja mmoja.

Nikakushika.

Nikamwambia refa, "Amezidiwa, simamisha." Lakini nilikuwa na kinga ya meno, akasikia ng'ong'o na mate. Akanifokea niachie. Nilijua nikikuachia utaanguka, au utapiga bila kujua, au utasimama tu mpaka nikupige mimi. Kengele ikalia. Kona yako wakakumwagia maji, wakakuuliza kitu, ukaitikia kwa kichwa, wakakurudisha. Nikakuona unatembea kuelekea kona isiyokuwa yako. Nikakufuata mbio nikakukumbatia, na refa akaona nimeanza tena. Ukanigonga tena. Nikakuambia sikioni, kadiri kinga ya meno ilivyoniruhusu, "Nimesikia." Ukanigonga tena kana kwamba sijasikia. Ndivyo tulivyokwenda mpaka akaniondoa.

Kwa hiyo lile swali lako la Aprili sasa nina jibu lake. Hukuwa mwizi. Mwizi hagongi mara ya tatu kwa mtu aliyekwisha kumshika. Ulikuwa mgonjwa Agosti, na mimi nikakununia miezi minane badala ya kukupeleka hospitali. Nililia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu wakadhani ni kwa ajili ya mkanda.

Nimerudi kiwandani. Siku ya kwanza hakuna aliyenisalimia. Siku ya pili mzee wa tanuri, ambaye hasemi na mtu, akaniuliza, "Yule jamaa alikuwa mgonjwa, siyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Niliona unavyomshika." Akaendelea na mikate yake. Imenitosha huyo mmoja.

Dada yako anajua kila kitu, hata usijisumbue kumficha. Ametandika chumba cha nyuma. Amepata daktari wa kichwa, mama mmoja mkali, hana habari na ngumi, hajui hata kama wewe ni bingwa, na hatakuachia kalenda ya kutazama ukutani. Njoo.

Barua hii iweke mfukoni. Utaniuliza tena kwa nini nilikushika. Usione haya kuniuliza. Nitakujibu.

Shemeji yako,
Godoro


Hotelini, 9 Julai

Shemeji, na dada pia, najua unasomea begani kwake,

Barua yenu nimeisoma asubuhi hii. Kwa jinsi ilivyokunjika na kuchanika pembeni, naona nimeshaisoma siku nyingi. Nilikuwa nimeketi kukuandikia nikuulize kwa nini ulinishika, nikatia mkono mfukoni kutafuta kalamu, nikalikuta jibu.

Nimewarudishia mkanda. Meneja alipiga kelele, akasema nimechanganyikiwa, nikamwambia ndiyo, hilo ndilo ninalolisema. Waandishi wa habari wakauliza nani alinipiga mpaka niache. Nikawaambia hakuna, nimegonga mwenyewe. Hawakuelewa wakaandika kwamba bingwa hakutaka kueleza.

Lile pambano halijarudi. Nimekaa nikalitafuta, halipo. Ila kuna kitu kimoja kimekuja chenyewe nikiwa naoga: uzito wa mkono mgongoni, na mtu ananiambia sikioni, "Nimesikia." Inawezekana nimekitoa kwenye barua yako. Nimeamua kukichukua hivyo hivyo. Ndicho ninachokumbuka cha ubingwa wangu wote, na ni chako.

Jumamosi njooni mnichukue, njia ya kwenu siiamini tena kichwani mwangu. Mwambieni mtoto mjomba anakuja, na nikimpigia makofi kana kwamba ndiyo kwanza anatembea asiogope, atembee tu.

Naogopa, shemeji. Naandika hivyo ili kesho nisijifanye sikuogopa. Hapa mezani, kabla ya kufunga bahasha, nimegonga mara mbili. Mara hii najua nimegonga.

Kabati